Somo la 4: Maneno ya Kiingereza Yanayodai Kwamba Kitu Ni Kizima



Bidhaa nyingi madukani mwetu huja na maandishi ya Kiingereza, na hati nyingi tunazotia saini wakati wa kupokea mizigo huandikwa kwa lugha hiyohiyo. Humo yamo maneno machache yanayodai kwamba kitu hakijaguswa, hakijaharibika au hakijabadilishwa. Kwa mbali maneno hayo hufanana, lakini kila moja huthibitisha jambo lake. Asiyeyatofautisha huweza kupoteza fedha zake, na kwa upande wa dawa na chakula, hata afya yake.

Tuanze na "intact". Asili ya neno hili ni Kilatini, na maana yake ya awali ni "kisichoguswa". Leo hutumika kwa kitu kizima na kamili, kisichovunjika wala kupungukiwa na sehemu yoyote. Hulikuta neno hili, au maneno "received in good condition", katika hati ya kupokelea mzigo. Tuseme umeagiza jokofu kutoka Dar es Salaam, nalo limekufikia Singida kwa lori likiwa bado ndani ya boksi. Dereva ana haraka na anakuonyesha mahali pa kutia saini. Ukisaini, umekiri kwa maandishi uzima wa kitu ambacho hujakiona. Jioni ukifungua boksi na kukuta mlango umebonyea, hati hiyo ndiyo itakayotolewa kukujibu.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inampa mnunuzi ambaye hakuikagua bidhaa nafasi ya kutosha ya kuikagua kabla ya kuhesabiwa kuwa ameikubali. Saini yako huweza kuifanya haki hiyo iwe ngumu kuitetea. Kwa hiyo kagua kwanza, kisha saini. Iwapo huwezi kufungua boksi papo hapo, andika karibu na saini yako: "Boksi halijafunguliwa, bidhaa haijakaguliwa." Piga picha ya boksi na ya hati hiyo.

Neno la pili ni "sealed", yaani kilichofungwa kwa lakiri, nailoni au gundi. Neno hili husema habari za kifungashio, si za kilichomo. Simu bandia yaweza kuwa ndani ya boksi ambalo halijawahi kufunguliwa, na nailoni iliyochanwa huweza kufungwa upya. Ufungulie boksi mbele ya muuzaji, bonyeza *#06# katika simu, kisha linganisha tarakimu 15 zitakazotokea na zile zilizoandikwa kwenye boksi. Zitume pia kwa ujumbe mfupi kwenda namba 15090 ili upate majibu kuhusu simu hiyo.

Katika dawa na baadhi ya vyakula utakuta maneno "tamper evident". Wengi hudhani maana yake ni kwamba chupa haiwezi kuchezewa. Sivyo. Maana yake ni kwamba ikichezewa, alama itaonekana: pete ya kifuniko itakatika, au karatasi ya mdomoni itachanika. Ulinzi huo haufanyi kazi usipoitazama alama yenyewe. Ukiona imekatika, usinywe wala usimpe mtoto. Irudishe ulikoinunua pamoja na stakabadhi. Usikubali maelezo kwamba "imelegea tu njiani".

Yapo pia maneno yanayohitaji tahadhari zaidi. "As is" maana yake ni "kama kilivyo". Muuzaji anakiuza kitu katika hali kilicho nayo; hasemi kwamba hakina kasoro. Kama kiliharibika zamani, ubovu huo nao umebaki ulivyokuwa. "As new" ni "kama kipya", na kilicho kama kipya si kipya. "Refurbished" ni kilichokwisha kutumika, kikatengenezwa na kusafishwa ili kiuzwe tena. Si kosa kununua bidhaa za namna hiyo, mradi bei na dhamana yake zilingane na hali hiyo. Wala maneno hayo si ruhusa ya kudanganya: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na kuuza kilichotumika kwa jina la kipya ni kupotosha.

Kabla ya kulipa au kusaini, jiulize maswali haya matatu:

1. Neno hili linasema habari za kifungashio, au za bidhaa yenyewe?
2. Linasema kitu hakijabadilishwa, au linasema hakina kasoro?
3. Nani analithibitisha: muuzaji, au mimi kwa saini yangu?

Usipolielewa neno, mwombe muuzaji akueleze kwa Kiswahili, kisha aandike maelezo hayo kwenye stakabadhi. Akiandika "mpya" au "imetumika", mmekubaliana kwa lugha mnayoielewa nyote wawili. Akikataa kuandika alichokutamkia, una sababu ya kutosha ya kutafuta duka jingine. Na ikiwa umekwisha kununua na kubaini umepotoshwa, tuletee malalamiko mapema, ukiwa na stakabadhi, picha na kifungashio chenyewe. Usikitupe kifungashio hicho, kwa maana ndicho kinachobeba neno uliloahidiwa.