SOMO: MLIO WA KUGONGA KATIKA INJINI

Kila kitu kifanyacho kazi huchakaa, na chuma nacho huliwa na chuma. Katika somo hili na tutazame jinsi ubovu unavyotambuliwa na kutengenezwa katika motokaa ya zamani, Ford Model T. Motokaa hiyo ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1908 hata mwaka 1927, na jumla yake ilipita 15,000,000. Wengi walioinunua walikuwa wakulima waliokaa mbali na mafundi, ikawapasa kuitengeneza kwa mikono yao wenyewe. Kwa hiyo yafaa kutufundisha, maana sehemu zake ni chache na sababu za ubovu wake zaonekana wazi.

1. Jinsi injini ilivyo

Injini hii ina silinda nne. Ndani ya kila silinda pistoni hupanda na kushuka. Pistoni imeungwa na konrodi, yaani fimbo ya chuma, ambayo mwisho wake wa chini huishika krenki na kuizungusha. Hapo ishikapo pana beringi ya madini laini, mchanganyiko wa bati, antimoni na shaba, uliobuniwa na Isaac Babbitt wa Marekani mwaka 1839. Ulaini huo una maana: ni afadhali iliwe beringi kuliko krenki, kwa kuwa krenki ni ya thamani zaidi.

Injini haina pampu ya oili. Gurudumu zito lililo nyuma yake huirusha oili. Sehemu yake huingia katika bomba jembamba, ikaenda mbele, kisha hurudi ikivijaza vihori vidogo ambamo konrodi huchovya. Chini ya injini pana koki mbili, moja juu ya mwenzake. Oili ikipungua hata isitoke katika koki ya chini, haifai kuendesha motokaa, maana beringi zitakauka na kuyeyuka.

2. Kusikiliza

Injini ikianza kugonga, mtu asiye na subira husema mara moja, “Beringi imekufa.” Lakini milio si mmoja. Masizi yakigandamana ndani ya silinda, mlio ni mkali, nao husikika zaidi motokaa ipandapo mlima na injini ikiwa moto. Cheche ikitangulia mno, injini hugonga vilevile. Konrodi iliyolegea hulia kama nyundo ndogo igongayo chuma kwa mbali, nayo husikika vizuri motokaa iteremkapo bila kuvuta. Beringi kuu za krenki, ambazo ni tatu, zikilegea, mlio ni mzito na wa chini wakati wa kupanda.

3. Kujaribu

Fundi mwenye akili huanza na lililo jepesi. Kwanza hutazama oili. Pili huirudisha nyuma cheche kwa mkono mdogo ulio chini ya usukani. Mlio ukikoma, hakuna cha kufungua. Ukizidi kuwapo, huziendea koili nne, moja kwa kila silinda. Akikibana kwa kidole kibati kitetemekacho juu ya koili, silinda ile hukosa cheche. Silinda ambayo ikinyamazishwa mlio hupungua, ndiyo yenye ubovu.

4. Kutengeneza

Ikiwa ni masizi, hufungua kifuniko cha silinda na kuyakwangua. Ikiwa ni konrodi, hufungua bamba la chini, akatoa kifuniko cha beringi baada ya kukitia alama, kisije kikarudishwa kwa kugeuzwa. Hukipiga tupa kidogo kidogo, kwa usawa, akakifunga na kujaribu kuizungusha injini kwa hendeli. Kila beringi hupimwa peke yake, kisha hulegezwa kabla ya kupima ya pili. Zote zikiisha kupimwa ndipo hukazwa. Asikaze kupita kiasi, maana beringi iliyobanwa mno hukatika. Lakini kwa beringi kuu hapana budi kuitoa injini yote. Basi fikirini hasara ya mtu aliyeitoa injini kwa sababu ya cheche tu! Tena fikirini hasara ya yule aliyesikia konrodi ikigonga, akaendelea na safari: konrodi ikikatika huweza kuitoboa injini yenyewe.

5. Litufaalo

Makosa ni mawili: kupuuza mlio, na kuhukumu kabla ya kupima. Yote mawili yamo katika usharika wetu. Mkristo akiacha kuja ibadani, wengine hunyamaza hata apotee kabisa, wengine hukata neno, “Amerudi nyuma.” Huenda ni ugonjwa, au deni, au aibu kwa ugomvi wa nyumbani. Mwalimu na aende mapema, asikilize, aulize lililo jepesi kwanza, wala asikaze kupita kiasi. Na kila mmoja aanze na moyo wake mwenyewe, kama Mtume Paulo alivyowaonya Wakorintho wajichunguze kabla ya kuijia meza ya Bwana.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini beringi imefanywa laini kuliko krenki?
2. Fundi huanza na jambo gani, na kwa sababu gani?
3. Katika mtaa wako, ni nani ambaye mlio wake umesikika, wala hajaendewa?