Jeshi la Kongo Halimo Kwenye Gemu Yako? Liingize Mwenyewe

Simama ukingoni mwa ziwa pale Muhumba, hapa Bukavu, utazame ng'ambo. Ile ni Rwanda. Mwaka 1914 walikuwa wamekaa Wajerumani huko, na Septemba ya mwaka huo wakakiteka kisiwa cha Idjwi. Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa kwenye maji haya haya tunayovua sambaza. (Sambaza wenyewe walikuwa bado hawajaletwa.)

Sasa washa gemu yoyote ya vita hivyo. Utakuta mitaro ya Ufaransa, matope na vifaru. Force Publique, jeshi la Wabelgiji lililotoka koloni lao la Kongo na kuingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, huwa halimo. Likiwemo, ni bendera tu.

Dawa yake ni modi, yaani nyongeza inayobadili gemu, na modi unaweza kuitengeneza wewe. Huhitaji kuwa fundi wa programu. Unahitaji laptopu, uvumilivu, na jambo moja dogo la kuanzia.

Nasisitiza hilo dogo. Usiseme utaweka Afrika nzima. Chagua pigano moja. Mimi ningeruka hadi Vita Kuu ya Pili, nichukue Saïo, Julai 1941, kwa sababu jina hilo unalijua tayari: Kambi ya Saïo hapa Bukavu. Vijana wengi wanaipita bila kujua kwamba Saïo ni mji wa Ethiopia, na kwamba tarehe 3 Julai 1941 jenerali wa Kiitalia, Gazzera, alijisalimisha huko kwa jeshi la Kongo likiongozwa na Jenerali Gilliaert.

Gemu ya kutumia ni Hearts of Iron IV. Inaanza mwaka 1936, na karibu kila kitu ndani yake kimeandikwa kwenye faili za maandishi ya kawaida. Ukijua kufungua Notepad, umeshaingia. Kama laptopu yako ni ya kizamani au mfuko umetoboka, chukua 0 A.D., ambayo ni ya bure kabisa. Hiyo ni ya zama za kale, haina bunduki, lakini kazi inafanana. Waliokuwa wamesahauliwa huko, Wakushi, waliongezwa mwaka 2018.

Usiguse faili asili za gemu. Gemu ikijisasisha, kazi yako inafutwa. Fungua folda yako ya modi kupitia kizinduzi cha gemu, halafu iga mpangilio ule ule wa folda ndani yake.

Kabla ya kuunda nchi mpya, angalia kama ipo. Kila nchi ina tagi ya herufi tatu kubwa, na orodha iko kwenye common/country_tags. Kongo imo: COG. Usitengeneze Kongo ya pili, iboreshe iliyopo. Tagi mpya iweke akiba kwa wale ambao hawamo kabisa. Na usichague herufi kama NOT au AND, maana gemu inazisoma kama amri.

Bendera ndiyo kazi tamu, kwa hiyo ianze ili upate moyo. Bendera ya koloni ilikuwa ya buluu yenye nyota moja ya dhahabu katikati. Unaitengeneza mara tatu, kwa faili ya TGA: piseli 82 kwa 52, 41 kwa 26, na 10 kwa 7. Kwenye ile ndogo kabisa nyota itageuka kitone. Ikuze kupita kipimo halisi, hakuna atakayekushtaki.

Halafu vikosi. Faili za vikosi vya kuanzia ziko history/units. Hapa wengi huharibu kwa mapenzi. Wanawapa watu wao vifaru na ndege, wanashinda dunia nzima kabla ya 1940, kisha gemu inachosha. Jeshi la Kongo lilikuwa la watembea kwa miguu. Wape vikosi vichache vya askari wa miguu, silaha za zamani, mizinga michache. Ushindi wa Saïo una ladha kwa sababu walifika pale baada ya safari ndefu kupitia Sudan, huku chakula kikipungua.

Tena kitu kimoja: usiwape nguvu ya ziada msituni eti kwa kuwa ni Wakongo. Si askari wote waliotoka msituni, na milima ya Ethiopia iliwapa taabu kama ambavyo ingemtaabisha yeyote. Nguvu ya ziada itokane na mazoezi au na uzoefu wa vita.

Sasa tufike kwenye wapagazi. Hapa tulia kidogo, kwa sababu ndipo modi yako itakapotofautiana na nyingine zote.

Katika vita vya 1914 hadi 1918, wapagazi wa Kongo wanakadiriwa kufikia 260,000. Askari walikuwa wachache sana ukilinganisha nao. Risasi, unga, chumvi, hata vipande vya mizinga vilipanda mlima juu ya kichwa cha mtu. Mwaka 1941 magari yalikuwepo, na bado wapagazi walikuwepo. Ukiwaacha nje, umeingiza nusu ya jeshi, na nusu ndogo.

Wafanye wawe sheria ya mchezo, wasiwe picha. Kwenye common/ideas andika wazo la taifa, uliite wapagazi. Ndani yake weka mistari miwili: supply_consumption_factor = -0.15, na chini yake weekly_manpower yenye namba hasi. Maana yake ni kwamba jeshi linatumia mahitaji machache, lakini kila wiki nchi inapoteza watu. Mchezaji anasonga mbele haraka na analipa. Mpe nafasi ya kuliondoa wazo hilo, lakini akiliondoa jeshi litakwama njiani. Usimwandikie hotuba. Akiona namba ya watu inashuka wiki hadi wiki, ataelewa.

Namba hizo mbili utazipanga upya mara nyingi. Anza na hasara ndogo. Ukiweka kubwa, kila mchezaji ataondoa wapagazi siku ya kwanza na hutakuwa umemwonyesha chochote.

Tuje kwenye majina. Kiswahili si miongoni mwa lugha za gemu, kwa hiyo maneno yako yakae kwenye faili ya Kifaransa au ya Kiingereza, ndani ya folda ya localisation. Hapa Bukavu wengi wanacheza kwa Kifaransa, kwa hiyo anza na hiyo. Faili lazima ihifadhiwe kwa UTF-8 yenye BOM. Usiulize sana BOM ni nini, chagua tu hivyo wakati wa kuhifadhi. Mimi niliwahi kukesha usiku mzima nikitafuta kwa nini kikosi changu kinaitwa COG_inf_01 badala ya jina lake, kumbe ilikuwa hiyo tu.

Jina la kikosi liwe fupi. Sanduku la gemu ni dogo, na Kiswahili chetu kinapenda kurefuka. "Batalioni ya Asosa" inaingia. "Batalioni ya Askari wa Miguu Waliouteka Mji wa Asosa" haiingii. (Asosa, mji mwingine wa Ethiopia, ulitekwa tarehe 11 Machi 1941, kwa hiyo jina hilo lije baada ya tarehe hiyo, si mwaka 1936.)

Hadithi fupi nazo ziingie, kwenye folda ya events. Tatu zinatosha kwa toleo la kwanza. Moja iwe ya Mei 1940, Ubelgiji inaposalimu amri tarehe 28 na Gavana Ryckmans anaibakiza Kongo upande wa Washirika. Jaribu hii kwa makini, kwa sababu ukikosea amri moja, Ubelgiji ikianguka Kongo nayo inapotea kwenye ramani. Ya pili iwe Saïo.

Ya tatu watu huikwepa: uasi wa askari wa Luluabourg, Februari 1944. Iweke. Jeshi hilo hilo lililoshinda kule Ethiopia lilikuwa likiwachapa askari wake kwa chicotte, mjeledi wa ngozi ya kiboko. Mchezaji apewe machaguo mawili, yote yawe na bei. Ukiacha hadithi ya ushindi peke yake, umeandika tangazo la serikali ya kikoloni bila kulipwa.

Habari utazipata wapi? Anza mtaani. Babu aliyepigana hayupo tena, lakini mtoto wake huenda yupo, ana miaka themanini, na anakumbuka wimbo, jina la kamanda, aina ya viatu. Nenda na unga au sukari kidogo. Sema "Jambo mzee", kaa, usitoe simu haraka. Uliza vitu vidogo: walikula nini, nani alibeba nini, wake zao walibaki au walifuata? Kuna wake wa askari waliofuata, na hilo huwezi kulisoma kwenye orodha ya vikosi. Akikuonyesha picha ya baba yake, usiikimbize kwenye modi kama sura ya jenerali. Omba ruhusa. Akikataa, chora sura nyingine.

Usimwamini mzee mmoja peke yake kwenye tarehe, na usiamini kitabu kimoja peke yake kwenye mambo ya tumbo na miguu. Tarehe zitafute kwenye vitabu viwili.

Kila jioni nakili folda nzima kwenye flashi. Umeme wa hapa unaujua.

Kujaribu ni rahisi kuliko unavyodhani. Washa gemu kwa -debug, kisha fungua error.log kwenye folda ya logs. Itakuwa na mistari mingi isiyokuhusu. Tafuta jina la faili yako tu. Kosa la kawaida ni mabano yaliyofunguliwa bila kufungwa, na linaweza kuua faili nzima. Ukizidiwa, futa ulichoandika leo, rudisha cha jana, ongeza mstari mmoja mmoja.

Kisha andika observe kwenye konsoli, uache gemu ijicheze hadi 1941 ukiwa unapika. Ukirudi, angalia Kongo iko wapi. Ikiwa imefika Roma, punguza. Ikiwa haijatoka Stanleyville, angalia wale wapagazi.

Mwisho mpe jirani acheze bila kumwelekeza. Kaa nyuma yake, ufunge mdomo, ushike daftari. Andika kila mahali anapouliza "sasa hapa nifanye nini?" Jirani yangu wa kwanza alikwama kwenye bendera. Aliidhani ya Somalia.