Dawa Kinga ya VVU kwa Mtoto Mchanga: Namna ya Kuipima, Kuitunza na Kuimaliza

Chupa ndogo ya dawa ya maji ambayo mama anayeishi na VVU hukabidhiwa kabla ya kuondoka wodi ya wazazi, kwa kawaida huwa na nevirapini. Mtoto hapewi dawa hiyo kwa kuwa anaumwa, bali ili asiambukizwe. Tunaanza na jambo hilo kwa sababu ndilo linalowafanya wazazi wengi waiache njiani: mtoto ananyonya vizuri, analala vizuri, uzito unapanda, na mzazi anajiuliza dawa ni ya nini. Ni ya kipindi hichohicho ambacho mtoto anaonekana mzima.

Wakati wa kuzaliwa, mtoto hukutana na damu na majimaji ya mama yake. Virusi vikipenya, huhitaji kuingia katika chembe za mwili na kuzaliana ndipo vijijenge. Nevirapini huvizuia visizaliane. Kwa hiyo dozi ya kwanza hutakiwa mapema iwezekanavyo, katika saa za mwanzo baada ya kuzaliwa na si zaidi ya saa 72. Aliyejifungulia nyumbani au njiani asisubiri siku ya kliniki. Amlete mtoto siku hiyohiyo. Na kama siku tatu zimekwisha pita, bado amlete, kwani mhudumu ndiye atakayeamua la kufanya.

Kinga kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni ARV anazomeza mama mwenyewe. Pasipo hatua yoyote, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na mama wenye VVU, 15 hadi 45 huambukizwa katika ujauzito, uzazi au unyonyeshaji. Hatua zote zikifuatwa, idadi hiyo hushuka chini ya 5. Dawa ya mtoto hukamilisha kazi ya dawa ya mama, wala haiwezi kuchukua nafasi yake.

Wapo wanaokumbuka enzi za dozi moja. Mwaka 1999, utafiti uliofanyika Kampala, Uganda, ulionyesha kwamba dozi moja ya nevirapini kwa mama akiwa na uchungu, na moja kwa mtoto ndani ya siku tatu, ilipunguza maambukizi kwa karibu nusu ikilinganishwa na zidovudini ya muda mfupi. Ilikuwa habari kubwa kwa wakati wake. Leo dozi moja haihesabiwi kuwa inatosha, na bibi anayeshauri hivyo anashauri kwa elimu ya zamani.

Sasa tuje kwenye kipimo, kwani hapa ndipo makosa hutokea. Dawa hii huandikwa kwa miligramu, lakini hupimwa kwa mililita. Katika chupa iliyozoeleka, kila mililita 1 ina miligramu 10. Mtoto aliyezaliwa na uzito wa kilo 2.5 au zaidi hupewa miligramu 15 mara moja kwa siku, yaani mililita 1.5, mwenye kilo 2 hadi chini ya 2.5 hupewa miligramu 10, yaani mililita 1. Mwenye uzito pungufu ya hapo hupangiwa kipimo chake na mhudumu. Mzazi akisikia “kumi na tano” na kuvuta mililita 15, amempa mtoto mara kumi ya dozi yake. Kijiko cha chai nacho hakifai: hubeba takriban mililita 5, zaidi ya mara tatu ya kinachotakiwa. Tumia bomba lisilo na sindano ulilopewa pamoja na chupa. Kabla hujaondoka dirishani, mwombe mtoa dawa aweke alama kwenye mstari wa dozi, kisha uivute mwenyewe mbele yake. Hilo si usumbufu. Ni haki yako, na ni kazi yake kukuonyesha.

Tikisa chupa taratibu, mwingizie mtoto dawa pembeni mwa shavu kidogokidogo, kisha osha bomba. Ukisahau dozi, mpe unapokumbuka siku hiyo. Usimpe mbili kwa pamoja kesho yake.

Muda wa kawaida ni wiki sita. Mtoto ambaye mama yake alianza ARV chini ya wiki nne kabla ya kujifungua, au aligundulika wakati wa uchungu, au ana virusi vingi katika damu, yuko katika hatari zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 humwongezea huyo zidovudini mara mbili kwa siku, na kama ananyonya, kinga huendelea hadi wiki 12. Nchi hutofautiana, na miongozo hubadilika; fuata kilichoandikwa kwenye kadi ya mtoto wako, si ya jirani.

Wiki sita ni siku 42. Kwa familia zinazomweka mzazi ndani hadi arobaini, ni rahisi kukumbuka: arobaini ikitimia, kliniki imekaribia. Usiikose. Siku hiyo mtoto hutobolewa kisigino, matone ya damu yakaushwe kwenye karatasi maalumu na kupimwa virusi vyenyewe. Kipimo cha haraka cha watu wazima hakitoi jibu la uhakika kabla ya miezi 18, maana huweza kuonyesha kingamwili za mama. Ndipo pia huanzishwa kotrimoksazoli, ambayo wengi huiita Septrin. Hiyo huzuia nimonia na magonjwa mengine nyemelezi, haizuii VVU. Basi chupa zisichanganywe.

Tunajua kwamba wengine huichuja dawa katika chupa ya dawa ya kikohozi ili mama mkwe asiulize. Tunaielewa hofu hiyo, lakini chupa isiyo na lebo imekwisha poteza kipimo, jina na tarehe ya mwisho wa matumizi, na mtoto mwingine ndani ya nyumba anaweza kuinywa. Mweleze mhudumu hali ya nyumbani. Huweza kukusaidia kupanga mahali na saa, naye analazimika kutunza siri yako.

Mama anayetumia ARV amnyonyeshe mtoto maziwa yake pekee kwa miezi sita: bila maji, bila uji, bila dawa za chango. Mtoto akipata upele unaosambaa, macho ya manjano, kutapika kusikokoma, au weupe wa viganja akiwa anatumia zidovudini, mpeleke kituoni mara moja pamoja na chupa.

Nchini Tanzania dawa hizi hutolewa bure katika vituo vya serikali. Ukiombwa fedha, omba stakabadhi na umwone mganga mfawidhi wa kituo. Zikisalia baada ya muda wa mtoto kwisha, zirudishe dirishani ulikozichukua. Usizimwage chooni wala kumpa aliyejifungua juzi.