Kwa Nini Tunakataa Kamari Yenye Faida

Shilingi inarushwa. Ikilala upande mmoja unapewa dola 110. Ikilala upande wa pili unatoa dola 100. Kwa wastani kamari hii inakuletea dola 5, lakini watu wengi huikataa. Kwa nini?

Jibu la kale ni la mwanahisabati Daniel Bernoulli, mwaka 1738. Kila mali inavyoongezeka, alisema, dola inayofuata humfaa mwenyewe kidogo kuliko iliyotangulia. Kwa hiyo dola 110 za kuongezewa zaweza kuwa nyepesi kuliko 100 za kunyang'anywa. Anayekataa anaonekana kumthibitisha Bernoulli.

Mwaka 2000, Matthew Rabin, mwanauchumi wa Marekani, alilipima jibu hilo kwa hesabu tupu. Tumfuate polepole.

Ikiwa zile 110 hazizidi uzito wa zile 100, basi dola ya mwisho kupatikana haiwezi kuzidi 10/11 ya uzito wa dola ya mwisho kupotea. Baina ya dola hizo mbili pana dola 210. Sasa tuseme mtu huyu angeikataa kamari hii akiwa na mali kiasi chochote. Basi kila akipanda dola 210, uzito wa dola unapungua tena kwa kiwango hicho. Akipanda hatua 10, yaani dola 2,100, dola mpya kwake haifikii senti 39. Hatua 20, ni kama senti 15. Jumlisha hatua zote bila kikomo: utajiri wa dunia nzima hauzidi kwake dola 2,310 za pale alipoanzia! Akishuka, kinyume chake, kila dola inayopotea inazidi kuuma. Rabin akathibitisha kwamba mtu huyo angekataa pia kamari ya kupoteza dola 1,000 au kupata kiasi chochote, hata bilioni.

Nani angekataa hiyo? Basi sababu ya Bernoulli haielezi kamari ndogo, na kuhesabu wanaoikataa kusingetufunulia hilo kamwe. Ndiyo maana napinga wanaoona uchumi wa tabia, yaani uchumi unaochunguza jinsi watu wanavyoamua kwa kweli, kuwa mkusanyo wa vituko vya binadamu tu.

Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walikwisha kupendekeza njia nyingine ya kueleza kukataa huko mwaka 1979: mtu hapimi jumla ya mali yake, hupima mabadiliko kuanzia pale aliposimama, na hasara humwelemea kuliko faida. Mwaka 1992 walikadiria uzito wa hasara kuwa takriban mara 2.25 ya faida. Kwa makadirio hayo, anayehofia kupoteza dola 100 hatakubali shilingi irushwe mpaka aahidiwe zaidi ya dola 200.