Kiharusi Kinachopita: Somo kwa Vikundi vya Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Somo la robo hii linahusu ugonjwa ambao mara nyingi huja na kuondoka kabla jirani hajafika. Mtu yuko shambani anapalilia kahawa, au amekaa ufukweni anashona nyavu. Ghafla mkono mmoja unakosa nguvu na kitu alichoshika kinaanguka. Anataka kusema, lakini maneno yanatoka kama ya mlevi au hayatoki kabisa. Baada ya dakika kumi au ishirini kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa. Anacheka, wenzake wanacheka, na kazi inaendelea.

Madaktari hukiita kiharusi cha mpito. Wengine husema kiharusi kidogo, jina ambalo sisi hatulipendi sana, kwa kuwa humfanya mtu adhani kwamba na hatari yake ni ndogo.

Tuone kwanza kinachotokea mwilini. Ubongo hulishwa na damu kupitia mishipa. Donge dogo la damu, ambalo huweza kutoka kwenye moyo au kwenye mshipa wa shingo uliochakaa, huenda likakwama katika mshipa mmoja wa ubongo. Sehemu inayokosa damu huacha kufanya kazi. Kwa kuwa upande wa kushoto wa ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili, na wa kulia huongoza wa kushoto, dalili kwa kawaida huonekana upande mmoja tu. Kisha donge huyeyuka au husogea, na damu hupita tena. Katika kiharusi kamili donge halitoki, na sehemu ile ya ubongo hufa. Kwa hiyo aliyepona baada ya dakika ishirini na aliyepooza maisha walipatwa na jambo lilelile, ila mmoja donge lake liliachia.

Na donge lililokuja mara moja huweza kuja tena. Tafiti zimeonyesha kwamba katika watu 100 waliopata kiharusi cha mpito bila kutibiwa haraka, karibu 10 hupata kiharusi kamili ndani ya siku 90, na karibu nusu ya hao hukipata katika siku mbili za kwanza. Tunaomba kila kikundi kirudie sentensi hiyo kabla ya kuendelea. Anayesema "nitakwenda hospitali baada ya mnada" tayari amezipoteza siku zenye hatari kubwa kuliko zote.

Habari njema ipo pia. Mwaka 2007 madaktari wa Oxford, Uingereza, walitoa matokeo ya kazi yao ya kuwatibu watu wa namna hii. Awali mgonjwa wa kawaida alikuwa akingoja kama siku 20 ndipo aandikiwe dawa. Walipobadilisha utaratibu ili aanze dawa siku ya kwanza, idadi ya waliopata kiharusi kamili ndani ya siku 90 ilishuka kutoka kama 10 katika kila 100 hadi kama 2. Dawa zilikuwa zile za kawaida: aspirini, dawa za presha, dawa za kupunguza mafuta katika damu. Kilichobadilika hasa ni siku ya kuanza.

Kuzitambua dalili

Njia rahisi ya kufundisha nyumbani ni maneno manne: uso, mkono, maneno, saa. Mwambie mgonjwa atabasamu. Je, mdomo umepinda upande mmoja? Mwambie ainue mikono yote miwili na kuishikilia. Je, mmoja unashuka? Mwambie arudie sentensi fupi. Je, anaisema sawasawa? Ukiona hata moja kati ya hizo, tazama saa na ukumbuke muda ilipoanza, kwa sababu daktari ataiuliza kabla ya jambo lingine lolote. Dalili nyingine ni jicho moja kuingia giza ghafla kana kwamba pazia limeshushwa, kuona vitu viwili viwili, au kuyumba na kushindwa kutembea. Jambo la kuangalia ni ughafla wake. Ganzi inayokuja polepole miguu yote miwili kwa miezi mingi ni tatizo jingine, nalo lina matibabu yake.

Hapa kwetu dalili hizi hupewa majina mengine. Mvuvi aliyekesha ziwani na taa akivua dagaa atasema ni baridi ya usiku. Mkulima wa milimani aliyechimba ngoro tangu asubuhi atasema ni uchovu wa jembe. Wengi watasema malaria, na wapo watakaosema ametupiwa kitu. Hili la mwisho si la vijijini tu kama watu wa mjini wanavyopenda kudai. Utafiti uliotolewa mwaka 2008 uliwauliza watu wa Dar es Salaam na wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kiharusi kinatokana na nini. Waliotaja zaidi mashetani na uchawi walikuwa wa Dar es Salaam. Wale wa Hai walitaja zaidi presha, vyakula vya mafuta na msongo wa mawazo. Hatulisemi hili ili kumcheka mtu. Ugonjwa unaokuja ghafla na kuondoka wenyewe kweli hufanana na kitu kilichotumwa, na mtu akienda kwa mganga wa jadi siku ile, mganga ataonekana amemponya, wakati dalili zingeondoka hata angebaki nyumbani.

Kuomba tunaomba, na mchungaji au mzee wa kanisa mara nyingi ndiye wa kwanza kuitwa. Tunawasihi basi viongozi hao waombe wakiwa njiani kuelekea kituo cha afya.

Kufika kituoni

Zahanati ya kijiji inaweza kufanya mambo matatu ya maana siku hiyohiyo: kupima presha, kupima sukari kwa tone la damu, na kusikiliza mapigo ya moyo kama yanakwenda kwa mpangilio. Sukari ikishuka sana huweza kuiga kiharusi, na hilo hurekebishwa mara moja. Moyo unaodunda ovyo huweza kutengeneza madonge, na mgonjwa huyo huhitaji dawa tofauti. Baada ya hapo apelekwe hospitali. Kwa walio mwambao ipo Hospitali ya Mtakatifu Anna, Liuli, ya ndugu zetu Waanglikana. Kwa walio milimani ipo Litembo, ya Jimbo Katoliki la Mbinga, na hospitali ya serikali mjini Mbinga. Wanaohitaji vipimo zaidi hupelekwa Peramiho au hospitali ya rufaa ya mkoa, Songea. Presha haiulizi dhehebu, na sisi Walutheri tusione haya kupanda kitanda cha jirani.

Neno moja kuhusu aspirini, kwa sababu wengi wameshasikia kwamba inayeyusha damu na huinunua dukani. Ni dawa nzuri mahali pake. Lakini kipo kiharusi cha aina nyingine, ambacho mshipa hupasuka na damu kuvuja ndani ya ubongo, na aspirini huweza kukizidisha. Kwa macho huwezi kuzitofautisha aina hizi mbili. Mwenye dalili ambazo bado zinaendelea asipewe aspirini nyumbani, wala chakula au maji kabla ya kuonekana anameza vizuri, kwani huweza kupaliwa. Alazwe ubavu kama amelegea, na usafiri utafutwe.

Usafiri ndio penye ugumu wetu. Barabara ya lami sasa inatoka Mbinga hadi Mbamba Bay, lakini aliye mbali na lami, wakati wa masika, bado anategemea pikipiki au mtumbwi, na vyote vinadai fedha papo hapo. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vina mfuko wa jamii, na tukiangalia daftari, mfuko huo karibu wote hutumika kwenye misiba. Tunapendekeza kila kikundi kikae na kuamua kiasi cha nauli ya hospitali ambacho mweka hazina anaweza kukitoa usiku, bila kikao, mwanakikundi yeyote anapoonyesha dalili tulizozitaja, hata kama zimeshapita. Kiasi hicho ni kidogo kuliko gharama ya sanda na jeneza.

Presha, mama wa mambo haya

Kisababishi kikubwa cha viharusi ni shinikizo la juu la damu, ambalo sote huliita presha. Halina dalili kwa watu wengi. Uchunguzi uliofanyika Ilala na Hai, matokeo yake yakatolewa mwaka 2000, ulikuta kwamba katika kila watu 100 wenye presha, wasiofika 20 ndio waliokuwa wakijua kuwa wanayo, karibu 10 walikuwa wakitumia dawa, na hakufika hata mmoja ambaye presha yake ilikuwa imedhibitiwa sawasawa. Mambo yamesogea tangu wakati huo, vipimo vimeongezeka, lakini bado tunakutana na watu wa miaka hamsini ambao mkono wao haujawahi kufungwa mkanda wa kipimo. Na asiseme mtu kwamba huu ni ugonjwa wa mjini. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti waliwahesabu waliopata kiharusi kwa mara ya kwanza. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, walipata kwa mwaka karibu watu 316 katika kila 100,000 kule Dar es Salaam, na karibu 109 kule Hai vijijini. Mjini ni zaidi, lakini kijiji hakikusamehewa.

Sharika zinazopima presha siku ya Jumapili tunazipongeza, ila zipime kwa utaratibu. Mtu aliyepanda mlima kuja kanisani, au aliyetoka kuimba kwaya sasa hivi, akae kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, bila kuzungumza.

Kuishi baada yake

Aliyepata kiharusi cha mpito akatibiwa hurudi nyumbani akiwa mzima kwa macho ya watu, na hapo ndipo upweke unapoanza. Wengi huchoka upesi kwa majuma kadhaa. Wengine husahau majina, au huogopa kulala wasije wakaamka wamepooza. Mzee ambaye hakuwahi kulia anaweza kulia kwa jambo dogo. Nyumba isimwone mvivu wala mdekaji. Hofu hii ni sehemu ya ugonjwa, na hupungua akipata mtu wa kumsikiliza. Huzuni ikizidi mwezi, aelezwe mhudumu wa afya, maana nayo inatibika.

Kosa la upande wa pili ni kumfungia ndani. Tumeona mama anayenyimwa hata kubeba kuni kidogo, kwa upendo tu, hadi mwili ukalegea kweli. Kutembea kila siku ni sehemu ya matibabu, na kazi nyepesi ya shamba hufaa, akiongeza kidogo kidogo. Kwa wenye kazi za hatari tunashauri tofauti. Uingereza sheria humkataza mwenye kiharusi cha mpito kuendesha gari kwa mwezi mmoja, na sisi tunaona kipimo hicho kinamfaa dereva wa bodaboda wa hapa. Mvuvi naye asiingie ziwani mwezi huo. Akirudi, asiwe peke yake ndani ya mtumbwi, kwani mkono ukikosa nguvu kwa dakika kumi kati ya mawimbi, hakuna wa kupiga kasia.

Chumvi ipunguzwe. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyo tayari ndani ya chakula. Samaki wakavu waliotiwa chumvi walowekwe na maji yamwagwe kabla ya kupikwa, na kibakuli cha chumvi kiondolewe mezani. Sigara na ugoro viachwe kabisa, pombe ipunguzwe sana.

Lakini lililo gumu kuliko yote ni dawa za kila siku. Mtu akijisikia mzima huziacha, au huzimeza siku kichwa kinapouma. Madaktari wengi hulenga presha ya mgonjwa huyu ibaki chini ya 130 kwa 80, na haibaki hapo bila dawa kumezwa hata siku za furaha. Dawa nyingine huvimbisha vifundo vya miguu, nyingine huongeza mkojo, na huwa taabu kwa mtu wa safari. Amwambie daktari, atabadilishiwa dawa au saa ya kumeza. Asiache kimya kimya.

Kisha kuna fedha. Kahawa hulipwa kwa msimu, na dawa ya presha haina msimu. Familia nyingi Mbinga huwa na fedha baada ya mauzo, na zinapofika Februari hazina hata ya kununua sabuni. Siku ya malipo ya chama cha ushirika, kabla bati wala pikipiki havijatajwa, ihesabiwe gharama ya dawa hadi mavuno yajayo na kuwekwa kando, ikiwezekana ndani ya kikundi ambako ni vigumu kuichomoa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

Katika kijiji chetu, nani amewahi kupata dalili zilizopita zenyewe, na tulizipa jina gani? Ikitokea leo saa nane usiku, nani ana pikipiki au mtumbwi wenye mashine, na namba yake ya simu iko wapi? Mfuko wetu wa jamii mwaka uliopita ulitoa kiasi gani kwa misiba na kiasi gani kwa wagonjwa? Ni wangapi kati yetu hapa hatujapimwa presha mwaka huu, na tutapimwa siku gani?