Mzee Akibadilika Ghafla, Familia Iombe Karatasi

Januari 2016 familia moja ya jimbo la Indiana, Marekani, ilimpeleka baba yao kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mzee Talevski alikuwa na dimenshia, ule ugonjwa wa kusahau, lakini siku anaingia alikuwa bado anatembea, anakula mwenyewe, anapiga soga na kuwatambua watu wake. Haukupita muda mrefu Kiingereza kikamtoka. Akabaki na Kimasedonia tu, lugha aliyonyonya kwa mama yake, na hata kijiko akawa hawezi tena kukipeleka mdomoni. Wahudumu wakawaambia jamaa kwamba ndivyo ugonjwa wenyewe unavyokwenda.

Binti yake hakuridhika na jibu hilo. Aliomba orodha ya dawa alizokuwa akipewa baba yake, na humo zikaonekana dawa sita kali za kuathiri akili. Daktari wa mishipa ya fahamu kutoka nje alipoagiza apunguziwe, mzee akaanza tena kula kwa mkono wake.

Kisa hiki kinawagusa Wakenya, Watanzania na Wakongo wengi walioko Marekani. Wako waliowaleta wazazi wao, na sasa wazazi hao wamefikia umri wa kuhitaji uangalizi wa usiku na mchana. Wako pia wanaofanya kazi ndani ya nyumba hizo kama wauguzi wasaidizi, wale wanaojulikana kwa herufi tatu, CNA. Wote wanaguswa na sheria ambayo wengi hawajawahi kusomewa.

Sheria hiyo ya shirikisho ilipitishwa 1987, wakati wa Rais Ronald Reagan, na inazibana nyumba zote zinazopokea fedha za mipango ya afya ya serikali, Medicare au Medicaid, yaani karibu zote nchini. Inakataza mkazi kufungwa, iwe kwa kamba au kwa dawa, kwa nia ya kumwadhibu au kuwapunguzia wahudumu kazi. Mzee aliyekuwa mchangamfu akianza kusinzia mchana kutwa, familia iliyoruhusiwa naye ina haki ya kujua anameza nini, nani aliagiza na kwa ugonjwa gani. Tangu 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani imekuwa ikitaka baadhi ya dawa za aina hiyo zibebe onyo kwamba zinaongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye dimenshia.

Lugha nayo ni haki. Nyumba inayopokea fedha za shirikisho inapaswa kutafuta mkalimani bila kumtoza mkazi. Mzee aliyepoteza Kiingereza anastahili kuulizwa anaumwa wapi kwa Kiswahili, na anayemuuliza asiwe mjukuu aliyepigiwa simu akiwa shuleni.

Dalili nyingine ziko mwilini. Kidonda cha kulalia ndicho kigumu kukigundua, kwa kuwa hutokea mahali ambapo mgeni hapaoni: chini ya mgongo, nyongani, kwenye visigino. Vitabu husema huanza kwa wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane kabisa. Mahali hapo huwa pagumu au pana joto kuliko pembeni, au rangi hukolea. Kanuni zinasema mtu aliyeingia bila kidonda hapaswi kukipata, isipokuwa hali yake ya kiafya ilifanya kisiweze kuepukika. Kwa hiyo neno “uzee” peke yake si jibu.

Uzito una kipimo chake pia. Wakaguzi huhesabu upungufu wa asilimia 5 kwa mwezi mmoja, au asilimia 10 kwa miezi sita, kuwa ni jambo zito. Kwa mzee wa kilo 60, hizo ni kilo 3 tu ndani ya mwezi. Midomo iliyokauka, mkojo uliokolea rangi, jagi la maji lililowekwa mbali na mkono, alama za vidole kwenye mkono wa juu, au jeraha ambalo kila zamu inalieleza kivyake: yote hayo yaandikwe yakiwa na tarehe na saa.

Kisha ziombwe karatasi. Ndani ya saa 48 tangu mkazi aingie, nyumba inapaswa kuwa na mpango wa awali wa kumhudumia, na familia iliyoruhusiwa na mkazi inaweza kukaa kwenye vikao vya kuupitia mpango kamili unaofuata. Mkazi au mwakilishi wake wa kisheria akitaka kuliona faili, aonyeshwe ndani ya saa 24, ukiacha mwisho wa wiki na sikukuu. Akitaka nakala, nyumba ina siku mbili za kazi.

Nyumba nayo ina mambo ya kusoma. Idadi ya wauguzi wa siku hiyo lazima ibandikwe mahali pa wazi, na ripoti ya ukaguzi wa karibuni iwekwe mtu aisome bila kuomba ruhusa. Jamaa walioruhusiwa na mkazi wanaweza kumtembelea saa yoyote, hivyo Jumapili usiku huonyesha mengi kuliko Jumanne saa nne asubuhi. Kwenye tovuti ya serikali iitwayo Care Compare, nyumba hupewa nyota moja hadi tano, na tangu 2019 iliyokutwa na makosa ya unyanyasaji huwekewa alama ya kiganja ndani ya duara jekundu. Nyota peke yake hazitoshi, maana sehemu ya takwimu zake huripotiwa na nyumba zenyewe.

Swali la umeme nalo liulizwe. Septemba 2017, baada ya kimbunga Irma kuzima kipoza hewa cha nyumba moja mjini Hollywood, Florida, wakazi 12 walikufa kutokana na joto, na hospitali ilikuwa jirani tu. Mwaka uliofuata Florida ikazilazimisha nyumba za wazee kuwa na jenereta na mafuta.

Malalamiko yaanzie kwa maandishi kwa uongozi wa nyumba, lakini yasiishie hapo. Kila jimbo lina mtetezi wa wakazi, ombudsman, ambaye huduma yake ni ya bure, na simu ya 1-800-677-1116 huelekeza alipo. Idara ya afya ya jimbo ndiyo yenye wakaguzi. Palipo na kipigo, wizi au ubakaji, polisi waitwe. CNA naye ana wajibu wake: akishuku uhalifu uliomletea mkazi majeraha makubwa, aripoti kwa polisi na kwa jimbo ndani ya saa 2, na kwa mengine ndani ya saa 24. Mwajiri haruhusiwi kumwadhibu kwa kuripoti.

Familia ya Talevski ililalamika, na nyumba ikaanza kumpeleka mzee kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili iliyo mbali, kisha ikataka kumhamisha moja kwa moja. Sheria inataka notisi ya maandishi, kwa kawaida siku 30 kabla, yenye sababu na maelezo ya kukata rufaa. Familia ikashtaki. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 8 Juni 2023 majaji saba kati ya tisa waliamua kwamba haki hizi zinaweza kudaiwa mahakamani dhidi ya nyumba zinazomilikiwa na serikali, kama hiyo aliyokuwamo. Mzee mwenyewe alikuwa amefariki 2021.

Kwa nyumba za watu binafsi, njia ya kawaida ni mahakama za jimbo, na hapo fomu za siku ya kuingia zina uzito. Mtoto anayemsindikiza mzazi hawezi kulazimishwa kuwa mdhamini wa deni kwa fedha zake. Karatasi ya kukubali usuluhishi badala ya mahakama nayo si sharti la kupata kitanda, na aliyekwisha kuitia saini ana siku 30 za kujitoa, zinazohesabiwa tangu tarehe ya saini hiyo.