Midomo Isikufanye Uache Dawa ya Chunusi

Karibu kila anayetumia isotretinoini, ile dawa kali ya kumeza inayotolewa kwa chunusi sugu, hukaukwa na midomo. Hilo huanza mapema, mara nyingi ndani ya wiki chache za mwanzo, wakati uso bado umejaa vipele na mgonjwa hajaona faida yoyote. Chai ya moto inachoma, kicheko kinapasua pembe za mdomo, na andazi la asubuhi linalika kwa kulikata vipande vidogovidogo. Hapo ndipo baadhi ya vijana wanapoziweka kando kapsuli zao bila kumwambia daktari, na matibabu waliyoyagharamia kwa fedha nyingi yanakatika katikati. Inasikitisha, maana midomo inatunzika kwa vitu rahisi kabisa. Siri ni kuanza kuitunza siku ileile ya kidonge cha kwanza, bila kungoja ipasuke.

Isotretinoini iliruhusiwa nchini Marekani mwaka 1982, na wengi huifahamu kwa jina la Roaccutane. Kazi yake kubwa ni kusinyaza tezi za mafuta zilizo chini ya ngozi, hivyo vinyweleo haviendelei kuzibwa na mafuta. Lakini dawa haichagui mahali. Inafanya ngozi ya mwili mzima iwe nyembamba na ibanduke upesi. Midomo huumia kwanza kwa sababu ngozi yake ni nyembamba kuliko ya shavuni na mafuta yake ya asili ni haba tangu mwanzo.

Ukavu huo huenda na kiasi cha dawa. Kwa kawaida daktari hupima uzito wako na kukuandikia kati ya miligramu 0.5 na 1 kwa kila kilo kwa siku, na mara nyingi hulenga jumla ya miligramu 120 hadi 150 kwa kila kilo hadi mwisho wa matibabu. Mtu wa kilo 60 anayemeza miligramu 30 kila siku atahitaji takriban miezi 8 kufikisha 120. Miezi yote hiyo midomo inataka ulinzi. Kwa hiyo ikikuzidi, rudi kwa daktari. Anaweza kupunguza kiasi cha kila siku na kurefusha muda, na lengo likafikiwa vilevile.

Daktari naye huitazama midomo yako kama ushahidi. Ikiwa umeshatumia dozi kamili kwa wiki kadhaa na midomo ingali laini kama zamani, atakuuliza unamezaje dawa. Isotretinoini huyeyuka kwenye mafuta. Ukiimeza pamoja na mlo wenye mafuta, kiasi kinachoingia mwilini kinaweza kufika mara mbili ya kile cha tumbo tupu. Imeze na wali wa nazi, mayai ya kukaanga, parachichi au chapati na maharage yaliyoungwa. Aliyefunga Ramadhani aimeze pamoja na futari au daku, asiimeze kwa maji matupu.

Tukija kwenye kinga yenyewe, hakuna kinachoyashinda mafuta ya mgando ya kawaida, yale meupe au ya manjano hafifu yasiyo na harufu, yanayouzwa katika kila duka la mtaani. Yenyewe hayaongezi maji mdomoni. Yanachofanya ni kuziba, ili maji yaliyomo yasitoke. Ndiyo sababu namna ya kuyapaka ina maana kubwa. Nawa mikono. Lowesha midomo kwa maji safi ya uvuguvugu, ikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa laini bila kusugua, kisha paka ikiwa bado na unyevunyevu. Vuka mstari wa mdomo kidogo, ufikie ngozi inayouzunguka, na usizisahau zile pembe mbili. Usiku paka tabaka nene, hasa kama unalala mdomo wazi au feni inakupuliza usoni. Mchana rudia kila baada ya kula na kunywa, na kila unapohisi ngozi inakaza. Mara kumi kwa siku si nyingi. Weka kichupa kidogo mfukoni na kingine kando ya kitanda, na usikichangie na mtu.

Mafuta ya midomo ya dukani ndiyo yanayowaponza wengi. Geuza kichupa usome nyuma kabla ya kulipa. Ukikuta mentoli, kafuri, mdalasini, mnanaa au manukato, kirudishe. Ule ubaridi unaouhisi ukiyapaka huonekana kama nafuu, kumbe unaichokoza ngozi iliyokwisha kuvimba. Lipshaini zenye ladha ya matunda zina ubaya mwingine: zinakufanya urambe midomo. Mate hukauka upesi, yakaondoka na unyevu uliokuwepo, na ndani yake mna vimeng'enya vya kusagia chakula vinavyoitafuna ngozi laini. Anayelamba kila mara huishia na duara jekundu kuzunguka mdomo mzima.

Magamba yanayoning'inia nayo yanashawishi sana kidole. Usiyabandue, wala usisugue midomo kwa sukari na asali au kwa mswaki, kama wanavyoshauriana watu. Chini ya gamba ngozi haijakomaa, na ukilivuta linaondoka na nyama hai, damu inatoka, bakteria wanapata mlango. Yalainishe kwa mafuta, yatadondoka yenyewe. Kwa majuma haya pumzisha pia embe bichi la chumvi na pilipili, achari, ndimu na ubuyu wa pilipili. Dawa ya meno ikikuwasha, tafuta isiyo na ladha kali.

Jua lina hatari yake, kwa kuwa ngozi iliyopunguzwa unene huungua haraka. Mchana tumia mafuta ya midomo yenye kinga ya jua ya kiwango cha 30 au zaidi, na vaa kofia ya ukingo mpana. Dereva wa bodaboda anapigwa na jua pamoja na upepo. Kitambaa safi juu ya mdomo kitamsaidia.

Ninaloomba lizingatiwe zaidi ya yote ni hili la mkorogo. Krimu za kung'arisha uso mara nyingi huwa na steroidi kali, na mtu akizipaka kwenye mdomo uliovimba huona uwekundu unatoweka kwa siku mbili tatu. Akiendelea, ngozi huzidi kuwa nyembamba na vipele vipya huzunguka mdomo. Daktari anaweza kukuandikia haidrokotisoni hafifu kwa siku chache. Hiyo ina kipimo na kikomo chake.

Nenda kituo cha afya ukiona ukoko wa rangi ya asali, usaha, uvimbe unaoongezeka au malengelenge madogo yaliyokusanyika mahali pamoja. Mipasuko ya pembeni isiyopona licha ya mafuta huenda imeingiliwa na bakteria au fangasi, na kila kimoja kina dawa yake.

Kama unatumia dawa za kupaka tu, kama benzoili peroksaidi, adapaleni au tretinoini, paka kwanza mafuta ya mgando kwenye midomo na pembe zake, ndipo upake dawa usoni ukiacha nafasi kuzunguka mdomo. Puani nako hukauka kwa wanaomeza isotretinoini, na damu inaweza kutoka. Mafuta kidogo ndani ya tundu la pua kabla ya kulala husaidia.

Usimeze vidonge vya vitamini A kwa kudhani vitalainisha ngozi. Isotretinoini ni jamii moja na vitamini hiyo, na zikikutana madhara huongezeka, ukavu wa midomo ukiwemo. Usiichanganye na doksisaiklini au tetrasaiklini, kwa kuwa mchanganyiko huo unaweza kuongeza shinikizo la maji ya ubongo. Na kamwe usimgawie dada au rafiki kapsuli zako. Dawa hii humlemaza vibaya mtoto aliye tumboni. Mwanamke anayeweza kushika mimba hupimwa kwanza, na hutumia uzazi wa mpango wa uhakika kuanzia mwezi mmoja kabla ya kidonge cha kwanza hadi mwezi mmoja baada ya cha mwisho.

Baada ya kidonge hicho cha mwisho midomo hurudi taratibu katika hali yake, kwa wengi ndani ya wiki chache. Endelea na mafuta hadi ikome kabisa kubanduka, na ikiwa miezi imepita nayo bado inapasuka, mrudie daktari atafute sababu nyingine.